Friji ya mvinyo inaandika nyuzi 12, chupa zina 17, na E1 inakuja na kuondoka

chupa_tatu (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Nina friji ya mvinyo ya vyumba viwili, ya kompresa. Chumba cha juu nimekiweka nyuzi 12 kwa ajili ya mwekundu, cha chini nyuzi 8 kwa mweupe. Miaka imepita haijanisumbua.

Sasa ni wiki ya tatu skrini ya juu inaandika 12, imetulia kabisa, haipandi wala haishuki, lakini ukishika chupa unaona kabisa kuwa haina ubaridi wa 12. Nikaweka kipimajoto: 17. Chini hakuna tatizo, skrini 8, kipimajoto 8.

Halafu kuna kitu cha pili. Mara mojamoja, hasa kompresa inapoanza au kuzima na kabati zima kutikisika kidogo, skrini ya juu inaandika E1 kwa sekunde chache kisha inarudi 12 kana kwamba hakuna lililotokea. Kitabu cha maelekezo kina mstari mmoja tu: "E1: hitilafu ya sensa ya chumba cha juu". Basi.

Fundi wa kwanza kasema gesi imepungua. Wa pili kasema sensa imekufa, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela kwa yeyote kati yao, naomba maoni.

---

BaridiKali

Gesi hiyo mkuu. Jaza gesi maisha yaendelee.

---

mtu_wa_waya

> BaridiKali alisema: Gesi hiyo mkuu.

Hapana. Gesi ikipungua, friji inashindwa kupoza lakini haisemi uongo. Skrini ingeandika 17 na kompresa ingekimbia mchana kutwa ikijaribu kufika 12 bila kufika. Hii ya mleta uzi inaandika 12, yaani inaamini kazi imekwisha, imepumzika. Nguvu ya kupoza ipo, ila bodi (sakiti inayoiongoza friji) imedanganywa.

chupa_tatu, maswali matatu kabla hatujaenda mbali:
1. Hicho kipimajoto ulikiweka wapi? Kwenye hewa au kwenye maji?
2. Kompresa inapumzika kweli, au inakimbia tu?
3. Una multimita (mita ya kupima umeme)?

---

chupa_tatu

1. Nilikiweka juu ya rafu, hewani.
2. Inapumzika, tena sana. Naona inapumzika kuliko zamani.
3. Ninayo ile ndogo ya njano, naitumia kupima betri.

---

mtu_wa_waya

Hiyo ndogo ya njano inatosha.

Kipimo cha hewani kitupe. Hewa ndani ya friji inapanda na kushuka nyuzi kadhaa kila kompresa inapowaka na kuzima, na ukifungua tu mlango usome, umeshaiharibu. Weka glasi ya maji karibu na sensa ya juu, tumbukiza kipimajoto humo, funga mlango, rudi kesho. Maji ni mazito kubadilika kama chupa yenyewe, ndiyo yatakwambia joto ambalo mvinyo wako unaishi nalo. Na hicho kipimajoto nacho usikiamini bure: kitie kwanza kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, koroga, subiri dakika chache. Kikisoma 0 au karibu sana na hapo, ni shahidi wa kweli.

---

Pangaboi

Naweka kigoda hapa.

---

Mama Kizibo

Kwani mvinyo ukikaa kwenye 17 una shida gani? Tuna watu humu wanauweka juu ya kabati la vyombo na wanaunywa vizuri tu.

---

mtu_wa_waya

Mama, wa kunywa wiki hii hauna shida yoyote kwenye 17. Wa kukaa miaka ndio unaotakiwa 12 au 13, na zaidi ya namba yenyewe, joto lisiyumbeyumbe. Linalonitia wasiwasi mimi si hizo 17 za leo. Sensa inayodanganya kwa nyuzi 5 leo, kesho inaweza kudanganya kwa 10.

---

chupa_tatu

Nimerudi. Kwenye barafu kipimajoto kimesoma 0.3. Kwenye glasi ya maji, baada ya usiku kucha na nusu siku: 17.1. Skrini: 12. Uongo umethibitishwa, waheshimiwa.

---

mtu_wa_waya

Safi. Sasa nieleze kidogo, maana bila hili tutakuwa tunabadilisha vipuri kwa ramli.

Sensa ya friji hizi (sensa hii sio ya kuhesabu watu) kwa kawaida ni themista: punje ya kauri yenye waya mbili, imefunikwa plastiki au gundi ngumu. Ukinzani wake (kiasi inavyozuia umeme kupita, unapimwa kwa omu) unashuka joto likipanda na kupanda joto likishuka. Aina iliyoenea sana ni ya kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25. Hiyo, ikiwa ya mkunjo wa 3950 ulio wa kawaida (namba inayoonyesha ukinzani unabadilika kwa kasi gani joto likibadilika), kwenye nyuzi 17 inakuwa na takriban 14.4k, kwenye 12 takriban 18.3k, kwenye 8 kama 22k. Chukulia kila nyuzi moja ni asilimia 5 hivi ya ukinzani.

Bodi haioni joto. Inapitisha volti 5 kwenye rezista ya kudumu (kipande chenye ukinzani usiobadilika), kisha kwenye sensa, halafu inasoma volti iliyoko katikati. Sensa ikikatika kabisa, volti inapanda hadi karibu na 5. Ikipiga shoti, inashuka karibu na 0. Hizo mbili ndizo bodi inazitambua na kuandika E1 au kodi yoyote aliyoichagua mtengenezaji. Chochote kilicho katikati ya hapo bodi inakimeza. Haina namna ya kujua kuwa 18.3k inayoiona ni sensa nzima yenye baridi ya 12, au ni sensa yenye 14.4k ikiongezewa uchafu wa 3.9k njiani.

Ndiyo maana swali la kwanza ni uongo unaelekea upande gani:

Skrini inasoma baridi kuliko ukweli = ukinzani umeongezeka mahali. Kutu kwenye plagi, waya unaoning'inia kwa nyuzinyuzi mbili, kiungo cha risasi (ile ya kulehemu) kilichopasuka.

Skrini inasoma joto kuliko ukweli = ukinzani umepungua. Hapo mtuhumiwa ni unyevu ulioingia ndani ya kichwa cha sensa, umeme unapata njia ya mkato kupita kwenye maji. Friji ya namna hiyo inapoza kupita kiasi.

Yako ni ya kwanza. Na E1 inayokuja kompresa ikitikisa kabati inanisukuma hukohuko: kuna mahali panaposhikana vibaya. Sensa yenyewe kufa kwa mtindo huo inawezekana, lakini si mahali pa kwanza ningetafuta.

---

BaridiKali

Nimekubali, gesi nimeifuta. Ila fundi wa pili si kasema sensa, na kitabu kimesema sensa?

---

mtu_wa_waya

Kitabu kinasema *hitilafu ya sensa* kwa sababu aliyeandika hakuwa na nafasi ya kuandika "kuna kitu kibaya kati ya punje ya kauri na mguu wa chipu". Njia hiyo ina sensa, waya, plagi, soketi, risasi ya bodi, rezista ya kudumu, na mara nyingi kapasita ndogo (kipande kinachotunza umeme) ya kutuliza kelele za umeme. Sensa ni kitu kimoja kati ya saba.

---

chupa_tatu

Sawa, nifanye nini? Naogopa kidogo kufungua.

---

mtu_wa_waya

Chomoa friji ukutani kwanza. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, chomoa kabisa. Bodi nyingi zina kapasita kubwa upande wa umeme mkuu, iache dakika kumi, na upande huo usiushike hata hivyo. Kingine: angalia kibandiko cha nyuma. Kikiandika R600a, hiyo gesi inashika moto. Hutaigusa katika kazi hii, lakini usitoboe ukuta wala kuingiza bisibisi kwenye povu ukitafuta waya.

Ukiifikia bodi utaona soketi mbili ndogo za waya mbilimbili, ya sensa ya juu na ya chini. Piga picha kabla ya kugusa. Kisha badilishana: sensa ya juu kwenye soketi ya chini, ya chini kwenye soketi ya juu. Rudisha umeme, soma skrini zote mbili ndani ya dakika moja mbili, zima. Usiiache hivyo, maana kila chumba kitakuwa kinaamriwa na joto la mwenzake.

Uongo ukihamia chini, mbaya ni sensa au waya wake. Uongo ukibaki juu, mbaya ni soketi au bodi.

---

Pangaboi

Hii ya kubadilishana ni tamu. Haina gharama hata kidogo.

---

Msikilizaji_Tu

Samahani kuingilia, mimi yangu ni kinyume. Fundi alibadilisha sensa mwezi uliopita (ilikuwa inaandika E1 moja kwa moja). Tangu hapo kompresa haipumziki. Nimeweka 12, skrini inaandika 14, lakini glasi ya maji niliyoweka baada ya kusoma uzi huu imeanza kushika barafu pembeni. Ni unyevu kwenye sensa mpya?

---

mtu_wa_waya

Sensa ya mwezi mmoja kuingia maji si rahisi. Ichomoe kwenye bodi, iache mezani nusu saa, ipime kwa mita kwenye omu. Usiipime ikiwa imechomekwa, utakuwa unapima na rezista za bodi. Na usiishike kichwa kwa vidole, vidole vyako vina joto lake. Niletee namba na joto la chumba.

---

Msikilizaji_Tu

Chumba nyuzi 25 au 26. Mita inasoma 4.87k.

---

mtu_wa_waya

Umewekewa sensa ya 5k kwenye bodi ya 10k. Kwa macho ni pacha: kichwa kilekile cheusi, waya zilezile, plagi inaingia bila ubishi.

Hesabu inakubaliana na barafu yako. Sensa ya 5k kwenye nyuzi 0 ina karibu 16.8k. Bodi inayofikiri ni ya 10k inaisoma hiyo kuwa nyuzi 14, namba ileile unayoiona. Wewe umeomba 12, kwa hiyo inaendelea kupoza. Ili iridhike, sensa hiyo lazima ifike karibu nyuzi 1.6 chini ya sifuri. Mvinyo wa kilevi cha asilimia 12 hauanzi kuganda hadi kama nyuzi 5 chini ya sifuri, kwa hiyo chupa zako pengine zimeponea hapo, ila zitoe leo. Mwambie fundi akuletee ya 10k, na amuulize muuzaji mkunjo wake pia. Kuna 3950 na kuna 3435, zote kwenye 25 zinasoma 10k, tofauti inaanza kuonekana baridi ikiingia.

---

Msikilizaji_Tu

Kumbe! Naye aliniambia "hizi zote ni moja". Nazitoa chupa sasa hivi.

---

Mama Kizibo

Na mimi nilikuwa nadhani naingia kwenye uzi wa kunywa.

---

chupa_tatu

Nimefungua. Haikuwa ngumu, skrubu nne na kifuniko. Matokeo ya kubadilishana:

Sensa ya juu ikiwa kwenye soketi ya chini: skrini ya chini 17.
Sensa ya chini ikiwa kwenye soketi ya juu: skrini ya juu 5. Na chumba cha chini ni 8 kweli.

Nimeelewa vizuri? Sensa ya juu nzima, soketi ya juu ndiyo muongo?

---

mtu_wa_waya

Umeelewa vizuri kabisa. Sensa uliyotaka kuitupa imesema 17, sawasawa na glasi ya maji.

Na ona kitu kizuri. Sensa ya juu kwenye soketi yake inadanganya kwa nyuzi 5 (17 inakuwa 12). Sensa ya chini kwenye soketi hiyohiyo inadanganya kwa nyuzi 3 (8 inakuwa 5). Soketi moja, uongo wa ukubwa tofauti. Hiyo ni alama ya ukinzani wa ziada uliokaa kwenye mstari: kiasi kilekile cha omu ni sehemu kubwa pale sensa yenyewe ina omu chache, na ni sehemu ndogo pale sensa ina omu nyingi. Kwenye joto anadanganya zaidi, kwenye baridi anadanganya kidogo.

Ukitaka uhakika, una rezista ya 10k popote? Redio mbovu, chaja iliyoungua, popote.

---

chupa_tatu

Nimepata 10k kwenye bodi ya redio ya zamani, zilikuwepo nyingi. Nimezipima zote kabla. Nimeunga mbili kupata 20k. Nilichoona:

Soketi ya chini, 10k: skrini 25. Na 20k: skrini 10.
Soketi ya juu, 10k: skrini 18. Na 20k: skrini 7.

Nilikaa naangalia hiyo 18 na 25 kwa muda. Rezista haina baridi wala joto na mbili zimepingana.

---

Pangaboi

Aisee. Hii kitu nilikuwa sijawahi kuiona. Rezista unaifanya iwe sensa ya uongo.

---

mtu_wa_waya

Rezista ni sensa isiyobadilika mawazo, ndiyo uzuri wake. 10k lazima isome 25. Imesoma 18, maana bodi inaona kama 13.9k. Kuna 3.9k ya ziada. Kwa 20k, bodi inaona 23.9k, na hiyo ni nyuzi 7 kasoro. Vipimo viwili vimetoa uchafu uleule wa 3.9k, basi tatizo ni moja.

Sasa tazama meno ya soketi ya juu kwa kioo cha kukuzia au kamera ya simu. Natafuta kijani au unga mweupe. Geuza bodi pia, angalia risasi ya miguu ya soketi kama ina duara jembamba la ufa kuzunguka mguu.

---

chupa_tatu

Kijani! Jino moja la soketi ya juu lina kijani kama shaba iliyonyeshewa mvua, na ndani ya plagi kuna kidogo. Risasi ya nyuma ni nzima kwa macho yangu. Lakini maji yametoka wapi? Bodi iko juu, nyuma, mbali na maji.

---

mtu_wa_waya

Fuata waya wa sensa kwa kidole kutoka pale unapotoka kwenye chumba baridi hadi kwenye plagi. Unashuka moja kwa moja kuingia kwenye soketi, au una tumbo kabla ya kuingia?

---

chupa_tatu

Unatoka kwenye tundu la juu, unashuka mteremko hadi kwenye plagi. Umenyooka kama uzi wa nguo. Wa chini umelegea, unaning'inia kisha unapanda kuingia.

---

mtu_wa_waya

Ndiyo hapo. Waya unatoka kwenye baridi ukiwa baridi, unakutana na hewa ya nje, unatoa jasho. Tone linatembea juu ya waya kufuata mteremko, na mwisho wa mteremko ni plagi. Ule wa chini una tumbo, tone linafika kwenye tumbo linadondoka sakafuni. Tone moja moja kwa miaka, na umeme wa volti 5 uko pale muda wote ukisaidia kutu kula jino.

Safisha kwa spiriti kali isiyo na mafuta na mswaki laini, soketi na plagi, mara mbili tatu. Kijani kisichotoka kikwangue polepole kwa ncha ya kijiti cha mbao, usitumie msasa, utaondoa mng'ao wa jino na kutu itarudi haraka zaidi. Kaza vishikio vya plagi kidogo kwa pini. Acha ikauke saa nzima. Kisha rudia 10k kabla ya kurudisha sensa. Ikisoma 25, paka grisi ya silikoni nyembamba, rudisha sensa, na huo waya uupe tumbo, ufunge kwa kamba ya plastiki lisinyooke tena.

Isiposoma 25 hata baada ya kusafisha, soketi itolewe iwekwe nyingine, hiyo ni kazi ya dakika kumi kwa mwenye pasi ya kulehemu.

---

Pangaboi

Wakati tunasubiri: yangu haina kompresa, ni ile ya kipande cha Peltier (kinapoza kwa umeme tu, bila gesi) na feni mbili. Skrini inaandika 19, glasi ya maji 19, nimeweka 12. Sensa?

---

mtu_wa_waya

Skrini na maji vimekubaliana, sensa yako ni mkweli, iache. Angalia feni ya nyuma kama inazunguka na kama mapezi yake hayajajaa vumbi. Na chumba kina nyuzi ngapi? Peltier inashusha kutoka joto la chumba, haifiki popote unapotaka. Chumba cha 33 kikikupa 19 wala haijaharibika.

---

Pangaboi

Chumba 32. Feni inazunguka kwa kulalamika. Nimeelewa, naenda na brashi.

---

chupa_tatu

Taarifa.

Baada ya kusafisha mara ya kwanza, 10k ilisoma 23. Nikakata tamaa kidogo. Nikasafisha tena, nikakaza vishikio, nikaacha usiku mzima. Asubuhi: 25. Na 20k: 10. Juu na chini zinasema namba moja.

Nikarudisha sensa ileile ya zamani, grisi, tumbo la waya. Skrini ikaruka kutoka 12 hadi 18 papo hapo na kompresa ikawaka. Sijawahi kufurahi kuona friji yangu inasema ina joto.

Leo ni siku ya nne. Glasi ya maji 12.2, skrini 12. E1 haijaonekana, nimeipiga kabati kofi mbili kwa makusudi.

---

BaridiKali

Na fundi wa gesi umemwambiaje?

---

chupa_tatu

Kanipigia mwenyewe kuuliza aje lini na mtungi. Nimemwambia nilikuwa na maji kwenye plagi. Kasema hiyo ni gesi ilivuja ikawa maji.

---

Msikilizaji_Tu

Yangu pia: sensa imeletwa, nimeipima mwenyewe mezani kabla hajaifunga, 9.9k. Skrini sasa 12, maji 12.6, kompresa inapumzika. Chupa moja kizibo kimesogea juu kidogo. Mama Kizibo, wewe ungefanyaje?

---

Mama Kizibo

Hiyo haikai tena. Leta glasi.